Kisanduku cha Uaminifu

Swali lililoninyima usingizi wiki ile ya mwisho ya masika lilikuwa dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika. Kama rafiki yangu hajui kwamba ni mimi, na anaishi bila kujua, nikimwambia nitakuwa nimefanya hivyo kwa faida yake au yangu?

Nilikuwa nikigeukia ukutani najibu kwamba ni kwa faida yake. Nikigeukia dirishani najibu kwamba ni kwa yangu. Huku kwetu Boko, mvua ikizidi, maji hayapiti yakaenda zake. Yanakuja, yanazunguka nyumba, yanakaa, na safari hii yalikuwa yamekaa siku kumi na moja. Tulikuwa tunatoka kwa kukanyaga viroba vya mchanga ambavyo baba alivipanga kutoka barazani hadi barabarani, mmoja mmoja, mikono imetanuliwa kama watu wanaopita juu ya kamba. Shule ninayojitolea kufundisha, nikisubiri ajira ya ualimu kama wenzangu wote niliomaliza nao chuo, ilikuwa na maji kwenye madarasa mawili, kwa hiyo tuliambiwa kazi za kufunga muhula tukazifanyie nyumbani. Kazi yangu ilikuwa juu ya meza: fomu arobaini na sita za ripoti za kidato cha tatu, zirudi Ijumaa.

Alama za masomo nilishaziingiza. Kilichobaki ni ukurasa wa nyuma, sehemu ya mwenendo na tabia. Aliyesoma shule zetu anaujua ukurasa huo: mambo kumi yamepangwa kushuka chini, bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, utii, uaminifu na mengineyo, na mbele ya kila jambo kuna kisanduku cha kuweka herufi moja. A ni vizuri sana. D hairidhishi. Nilikuwa nimejaza fomu kumi na nne, na katika kila fomu visanduku tisa. Cha uaminifu nilikuwa nakiruka.

Nilimpigia simu mwalimu wa taaluma kuomba siku mbili zaidi.

"Za nini, madam? Umekwama wapi?"

"Kwenye tabia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Weka A na B, tawanya tawanya, maliza. Mzazi gani anasoma huko nyuma? Wanaangalia mtoto kawa wa ngapi, wanakunja."

Mimi namjua mzazi mmoja aliyesoma.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa darasa alikuwa mtu wa kusini, mpole, mwenye wanafunzi hamsini na tatu na muda usiomtosha. Siku moja kabla ya kufunga shule aliniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti chake na kuniwekea rundo la fomu mbele.

"Wewe una mwandiko kama wa mashine," alisema. "Mie nasoma, wewe unaandika. Huyu: A, B, B, A, B, B. Huyu naye hivyohivyo. Huyu ndo yule mrefu? Mpe B zote."

Hatukufika fomu ya sita. Kengele ya chai ililia, akasimama na kikombe chake mkononi.

"Endelea tu. Nyie mnashinda pamoja kutwa, unawajua kuliko mie. Ila mwandiko uwe huohuo."

Mwanafunzi mwingine yeyote angetawanya A na B, akatoka kwenda kula mihogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, na kila Jumamosi nilikuwa naenda kuungama na karatasi niliyoandika dhambi zangu kwa mpangilio, kubwa juu, ndogo chini. Nyumbani nilikuwa mtoto wa kutolewa mfano. Wageni wakija mama alikuwa anaagiza daftari zangu ziletwe sebuleni. Nilipoachwa peke yangu na fomu zile, sikuona kwamba mwalimu kachoka. Niliona nimeaminiwa. Nikaamua kutenda haki.

Nilimpima kila mtu. Nilikumbuka nani alimwazima nani rula na hakurudishiwa, nani anajificha zamu yake ya kudeki ikifika, nani anasema uongo kwamba hajasoma halafu anaongoza mtihani. Nilipata raha ambayo leo naiogopa. Ndipo nikaifikia fomu ya jirani yangu wa dawati.

Huyu alikuwa rafiki yangu wa pekee. Alikuwa mfupi, mcheshi, mtoto wa ukoo wa Kizaramo uliokuwepo Boko kabla ya barabara ya lami. Baba yake alishafariki, na alilelewa na baba yake mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani: misumari, kufuli, rangi, mabomba. Jumamosi na likizo zote duka lilikuwa linafunguliwa na yeye. Ufunguo alikuwa anauvaa shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu, chini ya shati la shule. Tukiwa darasani alikuwa anauchezea kwa kidole. Alikuwa na hakika kwamba siku moja duka lile litakuwa mikononi mwake, na alikuwa akinitajia rangi atakayolipaka.

Uongo wake niliokuwa naujua ulikuwa mmoja. Kila Alhamisi mwanafunzi mmoja alikuwa anasimama mbele ya shule nzima mstarini na kutoa hotuba kwa Kiingereza. Mwalimu wa zamu alikuwa anachagua papo hapo, kwa kunyoosha kidole. Mimi, wa mwandiko wa mashine, nilikuwa nikiwaza kidole kile tangu Jumatatu. Ikifika Alhamisi najifungia chooni mpaka watu waingie madarasani. Majina yanapoitwa, mimi bado nipo chooni. Rafiki yangu alikuwa anasubiri jina langu lifike, anabana pua, anaitika "Nipo!" kwa kisauti chembamba ambacho darasa zima lilijua ni changu. Watu wanacheka. Mwalimu wala hainui kichwa. Baadaye anaomba ruhusa, anakuja kunigongea.

"Toka, bwana. Wamemaliza kuongea Kizungu chao. Unanuka choo."

Alifanya hivyo Alhamisi tatu. Hakuwahi kuniuliza ninaogopa nini.

Kwenye kisanduku cha uaminifu nilitaka kumwekea A. Kalamu ikasita. Nikajiambia amedanganya mara tatu mbele ya macho yangu, au tuseme mbele ya masikio ya darasa, kwa sababu macho yangu yalikuwa chooni. Nikimpa A kwa kuwa ni rafiki yangu, mimi ndiye nitakuwa mwongo. Nikafikiria C. Nikaona C ni woga, ni herufi ya mtu anayetaka kusema jambo bila kulisema. Nikaandika D, na mkia wake mdogo unaojikunja chini, jinsi nilivyokuwa nikiandika D zangu zote.

Fomu yangu niliiacha ya mwisho. Kwa kuwa nilikuwa najificha, nilijipunguzia nikajipa B ya uaminifu. Mwalimu aliporudi na harufu ya maandazi, alipekua pekua fomu kwa kidole gumba akaangukia hiyo yangu.

"Unajionea haya nini?" akasema, na kwa kalamu yake akaigeuza B ile kuwa A. Zilizobaki akazitia sahihi bila kuzisoma, mhuri ukagongwa, kwaheri.

Tulipofungua shule rafiki yangu alikaa kwenye dawati, mkono ukaenda shingoni kama kawaida, ukarudi mtupu.

"Ufunguo uko wapi?" nikamuuliza.

"Baba mdogo kanivua." Alikuwa anatazama ubao. "Kasoma ripoti yote, mpaka nyuma. Kaniuliza nimeiba nini shule. Nikamwambia sijaiba kitu. Kasema shule haiwezi kuandika mambo kama haya bure, we mtoto unanificha." Akanisogelea. "Yule mwalimu ananichukia, shoga. Hata sijui nimemkosea nini."

Nilikuwa na kitabu cha Jiografia mbele yangu. Nikafungua ukurasa uliofuata. Hilo ndilo jibu nililompa, na miaka yote hii, nikijaribu kukumbuka ujana wangu, mkono ule unaofungua ukurasa ndio unaokuja kwanza.

Siku zile nilikuwa naamini bado kuna muda. Nitamwambia mwezi huu, nitamwambia tukimaliza mtihani wa nusu muhula. Lakini kila nilipochelewa, kosa lilipata kosa jingine juu yake, la kukaa kimya, na hilo likawa gumu kuliko la kwanza. Wakati huohuo A zangu zikawa zinazaana. Nikawa kiranja wa taaluma, nikachaguliwa kusoma somo kanisani siku ya vijana. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu wangu hajawahi kunidanganya hata siku moja," na mimi nasimama pembeni na sinia la chai, nashindwa hata kulitua. Kila sifa ilikuwa inanisogeza ndani zaidi ya chumba ambacho nilikijenga mwenyewe, na mlango sikuuona tena. Watu wanadhani mtoto mtiifu ana amani. Mimi nilikuwa nahesabu siku.

Rafiki yangu alimaliza kidato cha nne kwa shida. Sisemi ilikuwa kwa sababu ya herufi. Sijui, na nimeliwaza jambo hilo kila upande. Ninachojua ni kwamba baba yake mdogo alimleta ndugu wa mke wake kutoka Kimbiji kuja kusimamia duka, na yeye akapelekwa kwa fundi kujifunza kushona. Mimi nikaenda chuo.

Niliporudi na shahada yangu, nilimkuta ana chumba chake cha kushonea upande wa pili wa barabara. Ni fundi mzuri, ila sifa yake mtaani si ya mshono. Anajulikana kwa kurudisha vipande. Mafundi wengine wanabaki na mabaki ya kitambaa na hakuna anayeuliza. Yeye anarudisha kila kitu, mpaka vipande vyembamba vya ukingoni, vimekunjwa ndani ya mfuko pamoja na nguo. Jumanne ya wiki ile nilivuka viroba kwenda kumpelekea sketi yangu, nikamkuta anabishana na mama mmoja wa makamo.

"Sasa hivi vidole vya kitambaa nivifanyie nini mie?"

"Kawashie jiko, mama. Ni vyako."

"We mtoto una wazimu. Hata mumeo hatakuficha kitu, atakuogopa."

"Mie shule iliniandikia D ya uaminifu, mama. Lazima nijihami." Wakacheka wote wawili. Mama akaondoka na mfuko wake. Kisha rafiki yangu akanigeukia, pini zimebanwa midomoni. "Na wewe ticha, siku hizi si ndo mnajaza zile ripoti? Usije ukamfanyia mtoto wa watu kama alivyonifanyia yule mwalimu wetu."

"Hapana," nikasema. "Siwezi."

"Najua huwezi. Wewe ungeandika A mpaka kwa mwizi wa kuku."

Nilirudi nyumbani na mawazo ambayo, nakiri, yalinifurahisha. Labda D ile imemsaidia. Labda pasingekuwa na D, pasingekuwa na mifuko ya vipande, na mtaa mzima usingemwamini kama unavyomwamini. Nililitafuna wazo hilo siku moja na nusu. Nilikula vizuri. Nilijaza bidii na usafi wa wanafunzi wanane. Nikaona nikimwambia nitamvurugia kitu kilichojengeka vizuri, tena kwa sababu tu mimi nataka kulala.

Alhamisi mchana mama aliingia, kanga imekunjwa mpaka magotini, miguu ina matope.

"Mwenzio kawashangaza watu huko."

"Yupi?"

"Fundi wako. Si magodoro na unga vya watu waliohamishwa na maji vimewekwa kile chumba cha ofisi ya serikali ya mtaa? Wazee wakakaa, wakasema ufunguo tumpe nani asiyegusa. Wote wakamtaja yeye, kwa ajili ya vile vipande vyake. Basi wakamwita. Kakataa."

"Kasema nini?"

"Kasema funguo yeye hakai nazo. Kwani hujui? Hata cha kwake kile cha kushonea hafungi yeye. Anafunga mama mwenye nyumba, ufunguo unalala ndani kwa mama mwenye nyumba. Mtu mzima yule! Wakambembeleza, wapi. Mpaka jasho likamtoka. Wamempa mtu mwingine, hata sisi hatumjui vizuri."

Mama akaenda kuosha miguu. Mimi nikabaki nimekaa mbele ya zile fomu.

Nimekwenda kwenye chumba kile mara nyingi sana, na sikuwahi kuona kwamba hafungi mlango wake mwenyewe. Nilikuwa naangalia vipande. Alikuwa mwaminifu tangu zamani, tangu alipokuwa anafungua duka peke yake Jumamosi na hakukosekana hata msumari. Mimi sikumwongezea chochote. Nilichomfanyia ni kwamba akiona ufunguo anatokwa na jasho. Na jambo la kuniuma kuliko yote ni kwamba aliitwa mwongo kwa sauti aliyoitoa kwa ajili yangu, nilipokuwa nimejificha, na bado nimejificha.

Jioni ile nilizimalizia fomu zote, na kwenye kisanduku cha uaminifu cha kila moja nikapiga mstari mmoja ulionyooka. Mwalimu wa taaluma atasema anachotaka. Hapo sikuandika herufi ya mtoto yeyote.

Ijumaa asubuhi nilizifunga fomu kwenye mfuko wa nailoni, nikavua viatu, nikavuka. Kiroba cha tano kilikuwa kimezama, maji yakanifika kwenye mashavu ya miguu. Nilikuwa nimetunga sentensi ya kuanzia, nzuri, yenye utangulizi. Nilipofika mlangoni, ikapotea yote.

Alikuwa anashona sare, pini mdomoni. Hakuinua kichwa. "Sketi bado, shoga. Kesho."

"Ile D niliandika mimi."

Mashine iliendelea sentimita chache ikasimama.

"D gani?"

Nikamwambia. Mwalimu na kikombe chake, fomu, kengele, Alhamisi tatu, C niliyoiona ni woga. Nilimwambia na habari ya B yangu iliyogeuzwa A. Nilikuwa naongea haraka mno, akaniinulia kiganja nipunguze. Nilipomaliza alikuwa anautazama mguu wake uliokuwa juu ya pedali.

"Yaani," akasema polepole, "wewe unajificha chooni. Mie naitika. Halafu D napata mie."

"Ndiyo."

"Na ukakaa pale pale dawatini, nakwambia kanivua ufunguo, umekaa."

"Ndiyo."

"Na juzi hapa, nakwambia najua huwezi."

Alitoa pini moja moja mdomoni akazichoma kwenye kifuko chake. Nilitegemea anifukuze, na nusu yangu ilitaka hivyo, kwa sababu kufukuzwa kungekuwa mwisho wa jambo. Hakunifukuza. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo la biskuti la vifungo, akavimwaga vifungo kwenye kitambaa, na chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameitunza ile ripoti.

"Mie usiniombe msamaha saa hizi," alisema. "Sina. Labda baadaye, sijui. Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa baba mdogo. Mie nilimwambia miaka yote sijaiba, hakuniamini. Nenda kamwambie wewe, wewe si una A."

Tuliongozana bila kusemeshana. Baba yake mdogo amezeeka, magoti hayamruhusu tena kukaa dukani. Tulimkuta barazani kwake, kiti kimeinuliwa juu ya matofali kukwepa unyevu, kofia kichwani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wetu! Karibu, karibu. Maji huko kwenu yamepungua?"

Rafiki yangu hakumpa nafasi ya kuulizia maji. Alimwekea karatasi mapajani, ukurasa wa nyuma juu. Mzee aliitambua hata kabla ya kuvaa miwani. Niliona jinsi alivyoikwepa kwa macho.

"Haya ya zamani mnayafufulia nini?"

"Baba," nikasema, "hiyo D hakuandika mwalimu. Niliandika mimi. Na haikuwa kweli."

Alivaa miwani. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Sahihi ya mwalimu hii hapa. Na mhuri."

"Alitia sahihi bila kusoma. Mwandiko ni wangu."

Kisha, kama mtu aliyeuza misumari maisha yake yote na hakubali kipimo cha mdomo, alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akanipa.

"Andika."

Mkono una mazoea yake. Niliandika D pembezoni mwa karatasi ileile, mkia ukajikunja chini wenyewe. Mzee aliziinamia zile herufi mbili muda mrefu. Kidole chake kilitoka kwenye moja kikaenda kwenye nyingine, kikarudi. Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono imefungwa kifuani, hamtazami yeye, hanitazami mimi.

"Kaa chini," mzee aliniambia hatimaye, na sauti haikuwa ya kunikaribisha tena. "Anza mwanzo. Usiruke."

Nikakaa kwenye kigoda, mfuko wa fomu magotini, nikaanza na Alhamisi ya kwanza, na choo.